Sasa Akteri Njo Nani?

Swali lilitoka nyuma ya chumba. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya filamu, mwenye grupu alikuwa ametumwa kutafuta mafuta, na sisi tulibaki gizani na mwanga wa simu zetu. Ndipo yaya mmoja akauliza kwa sauti: "Sasa akteri njo nani?"

Tukacheka wote. Lakini yaya hakuwa anacheza. Ni mhandisi wa migodi, mtu aliyesoma, alilipa franga zake za kuingia kama sisi, na kwa karibu saa moja macho yake yalikuwa yanatafuta mtu wa kufuata bila kumpata. "Batu beko bengi," akasema. "Kila mumoja anasema kidogo, kisha kamera inamuacha. Mi nitafuata nani?"

Wandugu wasomaji, swali lile nimelibeba zaidi ya miezi miwili. Leo nalileta hapa, kwa sababu naona halihusu filamu tu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya mtaa tunajua sheria: akteri hafaki. Akipigwa risasi, itamwingia begani. Akianguka mtoni, atatoka upande wa pili nguo zikichuruzika maji. Ukichelewa kuingia, kabla hata hujapata pa kukaa unamuuliza jirani: akteri ni nani? Akishakuonyesha, umetulia. Unajua sasa ya nani ni machozi ya kulia na ya nani ni maiti ya kuruka. Wengine wote ni watu wa kufwa-fwa. Ni sheria tamu, siikatai, nimeifurahia miaka mingi na bado naifurahia siku nikichoka. Shida ni kwamba hatukuiacha kibandani. Tumetoka nayo, tumeingia nayo oditwari, tumeingia nayo kazini, na kila mara mambo yakiharibika tunakaa kitako kungoja yule mmoja aingie kwa mlango.

Filamu yenyewe ilikuwa En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, ya mwaka 2020. Kwa ambao hawajaiona: mwezi wa sita mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Majeshi mawili ya kigeni, katika mji usio wao. Mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, maelfu walijeruhiwa, wengi wakabaki bila mguu au bila mkono. Miaka ikapita. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua kwamba Uganda inapaswa kulipa fidia. Miaka ikapita tena, na wale wenye magongo hawakuona kitu. Basi kikundi chao kikaamua kupanda boti, kushuka mto Kongo mpaka Kinshasa, na kwenda kudai wenyewe.

Hiyo ndiyo hadithi. Na yaya alisema kweli, hakuna akteri. Kuna mama huyu, kuna papa yule, kuna binti mwenye miguu ya bandia, kuna mzee, kuna rais wa chama chao ambaye naye ni mtu tu kati ya watu, anakatizwa maneno kama wengine. Wanabishana kabla ya kuondoka. Wanabishana tena wakiwa njiani. Usiku mvua kubwa inawapiga juu ya boti, wote wanang'ang'ania hema la plastiki ili lisichukuliwe na upepo, na pale gizani huoni sura ya mtu hata mmoja. Unaona mikono tu, na sauti zinazoitana. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha yenye nguvu kuliko zote katika filamu nzima. Kama Hamadi angekuwa amechagua akteri wake, kamera ingemtafuta yeye katika mvua ile, na hao wengine wangekuwa kelele za nyuma.

Kitu kingine. Katikati ya safari tunawaona watu hao hao wakiwa jukwaani, wanacheza mchezo wa kuigiza juu ya yaliyowapata. Mwanzoni nilidhani ni pambo. Kisha nikaelewa kazi yake: jukwaani wanakuwa mwili mmoja wenye vinywa vingi, halafu kwenye boti wanarudi kuwa watu wenye njaa, wenye hasira, wenye kuudhiana. Filamu inatunyima raha ya kuwaona kama "wahanga", neno moja lisilo na sura. Na inatunyima pia raha ya kumpenda mmoja wao na kuwasahau wengine.

Siyo kwamba kila kitu kinakaa vizuri. Kuna watu ndani ya boti ile ambao nilitamani kuwajua na sikuwajua. Ukiwa na watu wengi na dakika chache, lazima wengine wabaki sura tu. Hapo yaya ana haki yake.

Grupu ilipowaka tukamaliza. Wanafika Kinshasa, wanakwenda Bungeni, wanazuiwa. Ni wakati wa uchaguzi wa 2018, mji mzima una mambo mengine kichwani. Taa zilipowashwa yaya alikuwa na jibu lake tayari: "Munaona? Ndiyo sababu hawakupata kitu. Hawana kichwa. Kikundi bila kichwa ni soko."

Jibu hili ni zito, sitaki kuliruka. Yaya anasema hivi: hadithi bila shujaa inafanana na watu walioshindwa, kwa sababu watu wasio na kiongozi wanashindwa. Ningeweza kumjibu kwa mambo ya nje ya filamu. Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 2022, Mahakama ile ile ilitaja hesabu: dola milioni 325, yaani 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa utajiri wa ardhi yetu. Si miliardi. Na ni kwa nchi nzima, siyo kwa Kisangani peke yake. Lakini nikaona kwamba kujibu kwa dola ni kukwepa. Nikamwambia: "Basi yaya, tuchukue hadithi ya watu walioshinda." Nikamletea kitabu.

Les Bouts de bois de Dieu cha Sembène Ousmane wengi wetu tumekisikia sekondari, kama jina la kukariri kwa ajili ya Examen d'État: mwandishi Msenegali, mwaka 1960, mada mgomo. Kisha tumekifunga. Mimi mwenyewe nilikifungua kweli nikiwa nimeshamaliza chuo, bila kazi, siku ambazo mtu anasoma hata karatasi iliyofungia vitumbula. Kinasimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger, ulioanza tarehe 10 Oktoba 1947 na kuisha tarehe 19 Machi 1948. Zaidi ya miezi mitano bila mshahara, juu ya njia ya reli ya zaidi ya kilomita elfu moja, kutoka Dakar mpaka Bamako na mbele kidogo. Walitaka nini? Mishahara ya haki, pensheni, na posho ya familia kama ile waliyopewa wazungu. Mkubwa wa reli katika kitabu, Dejean, hawezi kumeza hiyo ya posho: watu hawa wana wake wengi, kwa nini tuwalipe?

Sasa angalia alichofanya Sembène. Katika historia mgomo ule ulikuwa na kiongozi anayejulikana kwa jina, Ibrahima Sarr. Ingekuwa rahisi kabisa kuandika maisha yake: alizaliwa, akasoma, akasimama mbele ya umati, akashinda. Kitabu kinachotembea chenyewe. Sembène, ambaye alikuwa amebeba mizigo bandarini Marseille na anajua sendika kwa mabega yake, hakukifanya. Alimbuni kiongozi, Bakayoko, kisha akamficha. Kurasa na kurasa tunasikia jina lake tu. Yuko njiani, yuko mji mwingine, aliandika barua, alisema hivi. Nusu ya kitabu inapita hatujamwona uso. Na wakati huo mgomo unatembea.

Unatembea kwa miguu ya nani? Hapo ndipo kuna utajiri, na mniwie radhi nikikaa kidogo. Sura za kitabu zinabeba majina ya miji mitatu, Bamako, Thiès, Dakar, na nyingi zinabeba pia jina la mtu: sura ya mtoto wa kike Ad'jibid'ji, sura ya Ramatoulaye, sura ya Penda, sura ya mlinzi mzee Sounkaré. Kila mmoja anashika mgomo kwa kipande chake, na mara nyingi hajui vipande vya wengine. Ramatoulaye hakuwa mwanasendika. Ni mama mwenye nyumba iliyojaa watoto wenye njaa. Maji yamekatwa, wauza duka hawakopeshi tena, na kaka yake tajiri, mtu wa dini, ana kondoo dume mnene anayeingia nyumba za watu na kula chakula kilichobaki. Siku moja Ramatoulaye anamchinja. Basi. Hakutangaza mapinduzi, alichinja kondoo. Polisi wanakuja kumchukua, wanawake wa mtaa wanajaza mchanga kwenye chupa, na kabla ya usiku kuisha mtaa mzima uko vitani. Ukimuuliza Ramatoulaye nani alimtuma, atakushangaa.

Au mahakama ya Diara kule Bamako. Diara amevunja mgomo, amerudi kazini, amewafukuza wanawake kwenye treni. Kijana Tiémoko anataka ahukumiwe, na wazo hilo amelitoa kwenye kitabu cha Kifaransa alichokikuta katika maktaba ya Bakayoko. Kwa hiyo wanakaa wafanyakazi, wanakaa wanawake ambao hawajazoea kusema mbele ya wanaume, na mtoto Ad'jibid'ji naye yupo anasikiliza. Wanawake wanasema. Wengi wanataka Diara apigwe. Anasimama mzee Fa Keïta na kusema, kwa maneno ya kizee, kwamba aibu imeshamtosha, tukimpiga tutafanana na wanaotupiga. Hakuna aliyempa Fa Keïta cheo cha hakimu. Watu wanatoka mmoja mmoja. Diara anabaki analia. Kuna waandishi wengi ambao wangemleta Bakayoko kwenye kikao hicho aseme neno la mwisho. Sembène aliacha neno la mwisho litoke pale lilipokuwa.

Nilipofika hapa yaya alinikatiza. Alikuwa anakisoma kwa ubishi, na msomaji wa namna hiyo ni mzuri. "Na Penda? Penda ni chef!"

Kweli. Wanawake wa Thiès wanapoamua kwenda Dakar kwa miguu, karibu kilomita sabini, Penda ndiye yuko mbele. Mtaani wanamwita malaya, na ndiye ambaye sendika ilimpa kazi ya kugawa chakula. Anaamrisha, anatukana, anasukuma. Sitasema kwamba hakuna uongozi katika kitabu hiki, ungekuwa uongo. Kuna uongozi kila ukurasa. Ila tazama unavyokaa. Njiani wanawake wengine wanachoka, wanakataa kuinuka. Penda anaanza kuwahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Wanapiga kelele kwa hofu, asiwahesabu! Sisi ni vijiti vya Mungu! Na hapo ndipo lilipotoka jina la kitabu. Katika imani yao mtu hahesabiwi, kwani kumhesabu ni kumfupishia maisha. Ukitaka kujua idadi, unahesabu vijiti. Wasomaji wangu wengi mna bibi ambaye hapendi mgeni ahesabu watoto wake kwa sauti, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana.

Halafu, mlangoni mwa Dakar, askari wanapiga risasi na Penda anakufa. Akteri amefaka, na bado kuna kurasa! Kwa sheria ya kibanda cha video, hapa watu wangeinuka kwenda nyumbani. Wanawake hawarudi Thiès. Wanaingia Dakar. Sembène hatupi hata muda wa kumlilia vizuri, na niliposoma mara ya kwanza nilimkasirikia kwa hilo. Sasa naona sababu. Kama angesimamisha matembezi ili tumlilie Penda, angekuwa ametuambia kwamba matembezi yalikuwa ya Penda.

Yaya alinyamaza kidogo. Kisha akasema kitu ambacho nimekiandika ndani ya jalada la kitabu changu: "Basi si kwamba hawana kichwa. Kila mumoja eko na yake."

Lakini mimi nami nina ugomvi na Sembène, na nisipousema nitakuwa nahubiri tu. Bakayoko hatimaye anafika. Na tangu anapofika, kwangu mimi, kitabu kinapungua. Ghafla kila mtu anamtazama yeye. Wasichana wanampenda. Mkubwa wa reli anamwogopa. Mama yake, Niakoro, amekufa baada ya askari kuvamia nyumba, na yeye haendi kumzika kwa sababu mgomo unamhitaji. Tunaombwa tumwone mkubwa kwa ugumu huo. Katika mkutano mkubwa wa Dakar anasimama kusema kwa lugha kadhaa, moja baada ya nyingine, na umati unageuka. Ni ukurasa mzuri, unasisimua, ningeusoma kwa sauti mbele ya watu. Lakini ni akteri! Amepigwa begani, ametoka mtoni. Kurasa mia kadhaa Sembène ametufundisha kumsikiliza Ramatoulaye na mlinzi mzee na watoto wenye manati, halafu mwishoni anatupa tena yule mtu mrefu wa kwenye bango. Nadhani alijua. Kwa sababu hakumalizia kwake. Kitabu kinarudi Thiès, na sauti inayobaki ni ya Maïmouna, kipofu ambaye mwanzoni kabisa alipoteza mtoto katika vurugu, na ambaye hakuna mtu angemchagua kuwa delege wa kitu chochote.

Kuhusu sisi wa Lubumbashi, hadithi ya namna hii haiko mbali. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma kudai mishahara, na tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi umati uliokusanyika kwenye uwanja wa mpira, hapa hapa mjini, wakati ule ukiitwa Élisabethville. Jina tunalokuta vitabuni ni moja, Léonard Mpoyi, aliyeuawa siku ile. Alistahili kukumbukwa. Lakini nani alikuwa anapika siku za mgomo? Nani alikwenda kambi moja hadi nyingine kupeleka habari? Mke wa nani alisimama mlangoni kumzuia mumewe asirudi kazini? Hatuna kitabu chenye sura za majina yao. Nikisema tunakosa riwaya ya watu wengi juu ya Katanga, simaanishi kipengele cha ufundi kwa ajili ya TFC ya mtu. Namaanisha kwamba tumemhifadhi mmoja na kuwapoteza elfu.

Na nimefika kwenye kile kilichonifanya nisiweze kuliacha swali la yaya.

Mwaka wetu wa mwisho promosio yetu ilidaiwa malipo ya kazi za maabara ambazo hatukuzifanya. Maabara ilikuwa imefungwa karibu mwaka mzima. Sitataja chuo, haina faida. Tulikuwa watu sitini na kitu, tukakasirika wote siku moja, jambo ambalo ni adimu. Tukamchagua delege. Kijana mrefu, Kifaransa kizuri, haogopi mtu. Alipopanda juu ya benchi kusema, mimi nilisikia nywele zinasimama. Tukampigia makofi, tukaandika barua, tukamwambia: nenda. Sisi tukarudi kula bukari.

Mchana akaitwa ofisini peke yake. Alitoka jioni, kimya. Kesho yake akatuambia tuvumilie, tulipe kidogo kidogo. Wiki ile ile watu walianza kusema wamemnunua. Mimi nilisema. Nilisema kwa sauti, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp, na neno langu lilipata vidole gumba vingi. Tukalipa wote, tukafanya mitihani, tukapata diploma. Na delege wetu alimaliza chuo bila mtu wa kukaa naye kwenye benchi.

Nilikutana naye mwaka jana kituo cha basi. Tulisalimiana, tukazungumza habari za kazi, yaani za kukosa kazi, kisha akaanza mwenyewe, bila mimi kumuuliza. Aliniambia hawakumpa hata franga moja. Walimwuliza swali moja tu: "Wewe na nani?" Wakampa karatasi aandike majina ya wenzake watakaojibu pamoja naye. Alikaa na ile karatasi, akafikiria nani kati yetu angekubali jina lake liandikwe. "Nikakosa," akasema. "Nilitafuta hata wawili. Nikakosa." Nilitaka kumwambia ungeandika langu. Lakini tulikuwa tunajua wote wawili kwamba siku ile nisingekubali.

Katika kitabu cha Sembène kuna Doudou, katibu wa sendika pale Thiès, mgonjwa, aliyechoka. Mzungu Isnard anamwendea pembeni na kumtolea makuta mengi ili aachane na mgomo. Doudou anakataa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimhesabu kuwa shujaa, mtu mwenye roho ngumu kuliko delege wetu. Nimekisoma tena baada ya kile kituo cha basi na sioni hivyo. Doudou ana watu wa kuwarudia. Kuna Lahbib anayeandika hesabu za mfuko wa mgomo usiku kucha. Kuna wengine kwenye ofisi ambao majina yao yako kwenye karatasi. Kuna wanawake wanaotafuta maji, na wote wataumia kama yeye. Kukataa kwake kumebebwa na wengi. Sisi tulimpa mtoto wa watu kazi ya kuwa akteri, kisha tukashangaa kwamba risasi haikumwingia begani.

Kwa hiyo ninaposikia hadithi ya wengi ikisifiwa kwa sababu "inaonyesha umoja", ninakosa raha. Umoja ni neno la bango. Filamu ya Hamadi na kurasa nzuri za Sembène hazionyeshi watu wanaopendana. Zinaonyesha watu wanaobishana juu ya nani alipe, nani abebe, nani atangulie, na wanabaki katika boti moja kwa sababu kila mmoja ametia kitu chake ndani. Kigezo changu siku hizi, nikitazama filamu yenye watu wengi, ni hiki tu: je, kuna mtu mwingine anayelipa, mbali na yule aliye mbele? Kama wote nyuma yake ni wa kupiga makofi, basi ni hadithi ya akteri, hata kama kamera inazunguka.

Kitabu nilimwazima delege wetu wa zamani. Alikaa nacho wiki tatu, akakirudisha bila maneno mengi. Kwa sasa kiko kwa yaya wa migodi, anayekitaka ajiandikishe nyuma yake hapa chini. Jana usiku aliniandikia. Amefika katikati, yuko Thiès, watoto wanapiga manati, wanawake wanatafuta maji. "Mudogo," anasema, "uyu Bakayoko atafika siku gani?"